Mzee wa Makazi Hapaswi Kufokewa

Kule Sukamahela, wilayani Manyoni, mkoani Singida, yapo makazi ya Serikali ambamo kwa miaka mingi wametunzwa wazee wasio na wa kuwalea, pamoja na watu waliowahi kuugua ukoma. Makazi ya namna hiyo yapo pia Bukumbi mkoani Mwanza, Kolandoto mkoani Shinyanga na Ipuli, Tabora. Wengi huyaita makazi ya "wasiojiweza", neno ambalo mimi silipendi.

Ukoma unatibika. Tangu mwaka 1981, Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza dawa za mseto, mgonjwa huzitumia kwa miezi kadhaa akapona, na muda mfupi tu baada ya kuzianza haambukizi tena. Lakini ganzi iliyokwisha kuingia mikononi na miguuni mara nyingi haiondoki. Mzee aliyepona zamani hushika kikombe cha uji wa moto asisikie kuwa vidole vinaungua. Hukanyaga mwiba asubuhi, na jioni bado hana habari.

Mtu huyo anahitaji mwenzake wa kuinama kila siku amtazame nyayo, na kuyapima maji ya kuoga kwa mkono wake mwenyewe kabla hayajammwagikia. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mwenye kinyaa, wala na yule anayesema, "We kikongwe, lete mguu!" Mzee aliyefokewa leo, kesho atauficha mguu, na kidonda kitakwenda mpaka mfupani. Kwa hiyo ile "Shikamoo, babu" ya asubuhi nayo ni dawa. Tuseme kweli pia: mtunzaji mmoja akiachiwa wazee wengi mno, hata mwenye huruma atafoka. Wahusika walitazame hilo.

Nasi wageni tuna yetu. Kila Oktoba 1, Siku ya Wazee Duniani, twaenda na sabuni, sukari na mpiga picha. Mama wa watu anasimamishwa juani, anakabidhiwa mche wa sabuni, anapigwa picha. Nani alimwuliza kama anataka?

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitaka mzee atunzwe kwanza na familia yake, makazi yawe hatua ya mwisho. Msikilizaji mwenye babu au shangazi huko, usingoje Oktoba. Nenda, mwamkie, ukae naye mle ugali. Akikunyoshea mkono wenye makovu, upokee.