Mpunga na Karafuu: Riziki ya Pemba



Kabla karafuu haijashamiri visiwani katika zama za Sultani Seyyid Said, mabonde ya Pemba yalizaa mpunga mwingi hata majahazi yakaupeleka kuilisha Mombasa; lakini baada ya tufani ya mwaka 1872 kuiangamiza mikarafuu ya Unguja, nayo ya huku kwa kiasi kikubwa ikasalimika, vilima vyetu vilizidi kuvikwa mikarafuu, na mkulima, akiiona fedha taslimu imeanikwa majamvini, akazoea kununua mchele wa ng'ambo.

Neema hiyo ilikuwa na hatari yake: bei ilipoporomoka katika miaka ya 1980, baada ya Indonesia, mnunuzi wetu mkubwa, kujitosheleza kwa karafuu zake, ilidhihirika kwamba zao moja haliwezi kuwa dhamana ya chungu cha jioni.

Basi, ndugu zangu, tuienzi mikarafuu, lakini mabonde tusiyajenge majumba wala kuyaachia magugu. Tuizibue mifereji, tupandikize miche kwa mistari, na muhogo na migomba isikosekane kondeni, kwani nchi haistawi kwa mapato peke yake iwapo ghala lake liko ng'ambo ya bahari.