Ufa Hatuzibi, Ukuta Hatujengi

Mwaka 2022 lilizuka hapa Tanzania sakata la wanyama hai. Ruhusa ikatolewa: wenye mazizi wapewe miezi sita, hadi tarehe 5 Desemba 2022, wauze nje wanyama waliobaki mikononi mwao tangu katazo la mwaka 2016. Kelele zikapigwa. Ruhusa ikasitishwa. Vijiweni watu walibishania twiga, walibishania tumbili, na ubishi huo sisi hatuurudii.

Sisi tunauliza: hao waliobaki wanalala wapi? Hadi mwaka huo, miaka sita mnyama alikuwa akingoja karatasi. Zizi lake nani amelikagua?

Tunauliza kwa ajili ya kobe. Kobe hana wa kumpigia kelele. Hangurumi, halii. Anatiwa guniani na gunia linapita.

Wahenga walituachia njia mbili: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Sisi tumebuni ya tatu. Ufa hatuzibi na ukuta hatujengi, tunatoa tangazo. Tulisema hivyo kuhusu mitaro, tukasema hivyo kuhusu masoko, na leo tunasema kuhusu kobe.

Vuka bahari uende kisiwa cha Changuu, hapo mbele ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Mwaka 1919 waliletwa kobe wanne kutoka Shelisheli, wale wakubwa wa Aldabra ambao dume lao hufika kilo 250. Wakazaana, na kufikia 1955 walikuwa kama 200. Kisiwa hicho, maji pande zote. Nani angeiba mnyama wa kubebwa na wanaume wanne? Waliibwa. Wengine waliishia vyunguni, wengine wakauzwa wafugwe. Mwaka 1996 walipohesabiwa walikuwa saba. Saba! Mbali na hao, watoto 80 wa kobe wakahamishiwa mjini wakapate ulinzi, na 40 wakapotelea hukohuko kwenye ulinzi.

Kilichowanusuru hakikuwa tangazo. Lilikuwa boma, lililojengwa kwa msaada wa shirika la kimataifa la kutetea wanyama, na kobe wakatiwa alama ya kielektroniki mwilini ili wa Changuu ajulikane kuwa wa Changuu. Ukuta ndugu zangu. Ukuta!

Wala ukuta wa kobe hauhitaji mhandisi. Kobe anachimba, basi msingi uushushe futi moja hivi chini ya udongo. Kobe akiona nje anataka nje. Ukimzungushia wavu wa kuku atausukuma kutwa nzima mpaka pua itoke damu. Mjengee matofali, asione. Pembe ndiyo ngazi yake. Hujibana hapo, akajikweza, akaanguka chali, na chali juani ndiyo mauti yake. Kwa hiyo pembe zizungushwe, au zifunikwe kwa ubao. Mpe kivuli cha kukimbilia na sinia la maji lisilo na kina. Vitoto viwekewe wavu juu, maana kunguru wetu hawa hawajui huruma. Halafu mlango utiwe kufuli. Tumewahi kuona zizi la matofali mazuri kabisa, lenye mlango unaofungwa kwa kitambaa.

Yupo pia kobe mwingine, yule bapa wa majabali, mwenye gamba laini linalobonyea. Yeye ufa ndiyo nyumba yake. Hujipenyeza mwambani mpaka mtu aje na chuma kumchokonoa. Mara nyingi hutaga yai moja tu kwa mara moja. Biashara ilimmaliza hadi mwaka 2019 mkataba wa CITES, ule wa biashara ya kimataifa ya viumbe vya porini, ukampandisha kwenye orodha ya kwanza, ya wale ambao biashara ya kimataifa ya waliotolewa porini imepigwa marufuku. Mnyama wa yai moja, na sisi tulijadili miezi sita.

Basi wenye mamlaka, ingieni mazizini. Msiende na kamera, nendeni na futi ya kupimia. Pimeni ukuta, hesabuni kobe, kagueni kufuli, na idadi mtusomee hapa redioni. Msitusomee barua tena! Tumechoka barua. Leteni matofali, leteni saruji, leteni koleo!

Na wewe baba wa nyumba hapo uliko, uliyemtoboa kobe gamba ukapitisha kamba ukamfunga mwembeni ili watoto wachezee: lile gamba ni mfupa, lina damu, na linauma. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inakutaka uwe na kibali cha kumweka. Kesho nenda ofisi ya wanyamapori ukaulize. Lakini kamba hiyo ifungue leo, kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili.