DAMU SALAMA: TUPIGE HESABU YA GHARAMA NA FAIDA

Mazungumzo ya mwanachama wetu, mkunga mstaafu, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi



Mweka Hazina amekwisha kusoma hesabu za fedha. Mimi naomba nisome hesabu nyingine, ya damu.

Mwaka 1991 mdogo wangu alijifungua salama, kisha damu ikakataa kukatika. Jokofu la damu katika hospitali tuliyokwenda lilikuwa tupu, tukaambiwa tulete ndugu. Shemeji akapanda mlimani usiku ule, akarudi na kaka zake watatu. Wa kwanza, kundi lake la damu halikupatana na la mgonjwa. Wa pili likapatana, tukashangilia. Mtu wa maabara akasema, "Subirini, bado kupima magonjwa." Jamani, shemeji alipiga ukuta ngumi: "Mtu anakufa, ninyi mnapima nini?" Mimi mkunga, niliyejua maana ya kipimo kile, nilinyamaza, na moyoni nilikuwa upande wake. Damu ile ilikataliwa. Hatukuambiwa sababu, wala haikuwa haki yetu kuijua. Alfajiri mdogo wangu akaongezewa damu ya yule wa tatu, akapona. Leo ni bibi, anauza ndizi Kiboriloni.

Sasa tupige hesabu. Tuanze na gharama. Damu haiuzwi, lakini haimfikii mgonjwa hivi hivi. Kuna mfuko wa kukingia, kuna dawa za kupimia virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Kuna jokofu la nyuzi 2 hadi 6, na umeme wake. Kuna damu inayopimwa halafu ikamwagwa. Na gharama kubwa kuliko zote ni muda, maana mzazi anayetoka damu hana muda.

Upande wa faida: mtu akiongezewa damu yenye virusi vya UKIMWI, mara tisa kati ya kumi au zaidi ataambukizwa. Siku hizi dawa zipo, lakini ni za maisha yote. Na mama huyo ana mume, ana mtoto wa kunyonyesha. Kipimo kimoja kinaokoa nyumba nzima.

Kwa hiyo kupima hakukuwa kosa. Tatizo lilikuwa kuanza kupima wakati mgonjwa yuko kitandani anatoka damu. Mwaka 2004 ulianzishwa Mpango wa Taifa wa Damu Salama, na kituo cha Kanda ya Kaskazini kikawekwa hapa hapa Moshi, ili damu ikusanywe na kupimwa mapema. Tena ndugu aliyeamshwa usiku huona haya kusema ukweli wake, na maambukizi mapya sana kipimo kinaweza kisiyaone. Anayechangia kwa hiari hana sababu ya kuficha.

Sisi tunalijua jambo hili. Hatungoji msiba ndipo tuanze kununua hisa. Tunasema akiba haiozi, lakini akiba ya damu huoza: hukaa kama siku 35 tu. Lazima iwekwe tena na tena.

Naomba mambo matatu. Kwanza, mwenye afya, aliyefikisha miaka 18 na kilo 50, achangie: mwanamke kila miezi minne, mwanaume kila miezi mitatu. Wajawazito na wanaonyonyesha wasubiri, ila watume waume na vijana wao!

Pili, damu salama kuliko zote ni ile ambayo mgonjwa hakuihitaji. Mjamzito awahi kliniki na ameze vidonge vya kuongeza damu. Binti zetu walioolewa tambarare, Kahe na kwingineko, walaze watoto ndani ya chandarua, maana malaria humaliza damu ya mtoto upesi.

Tatu, ukiambiwa usubiri kipimo, subiri, hata kama moyo unakataa.

Mwenyekiti, naomba jambo hili liingie katika ajenda za mkutano ujao.