Dirisha la Kwanza: Vyuo Vikuu Humchaguaje Mwombaji Aliyetangulia?

(Mada iliyotolewa baada ya swala ya Alasiri mbele ya wazazi, walezi na vijana waliohitimu kidato cha sita, mjini Songea)

Kila sifa njema inamstahikia Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake. Ama baad.



Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo kila mwaka, ifikapo Julai, huulizwa katika baraza za misikiti yetu kuanzia Bombambili hadi Lizaboni. Kijana aliyetuma mapema maombi ya kuingia chuo kikuu, je, huchaguliwa kabla ya wenziwe kwa kuwa amewahi? Na hao wanaokaa mezani kuchagua hutazama nini? Majibu tuliyonayo wengi wetu ni ya kubahatisha. Wapo wasemao ni bahati, wapo wasemao ni kujuana, na wapo wanaosema kwa sauti ya chini kwamba jina la Kiislamu likifika pale huwekwa kando. Hili la mwisho nitalirudia, kwani halifai kupitwa kimyakimya.

Utaratibu wa kuchagua wanafunzi katika nchi yetu haukuwa daima kama ulivyo leo. Mwezi wa Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kupitisha Azimio la Musoma. Kwa azimio hilo, mhitimu wa kidato cha sita hakwenda tena moja kwa moja chuo kikuu. Alikwenda kwanza Jeshi la Kujenga Taifa, kisha akafanya kazi kwa miaka isiyopungua miwili, ndipo aombe nafasi akiwa na maoni ya mwajiri wake na ya chama. Kamati ya zama hizo ilitazama cheti, na pia ilimtazama mtu: tabia yake, kazi yake, na wanayoyasema wanaomfahamu. Nia ilikuwa msomi asiwe mgeni kwa wananchi wenzake. Lakini angalieni lililotokea. Katika miaka ile ya kungoja mabinti waliolewa, wakapata watoto, wakafungwa na majukumu ya nyumba, na idadi yao chuoni ikashuka. Haikupita miaka mingi ikabidi mabinti waondolewe sharti la kungoja. Nawaomba wazazi mulishike hili, kwa kuwa hapa Ruvuma yuko baba ambaye bado anamwambia binti yake, "Ngoja mwakani." Serikali yenyewe ilikwishajaribu kuwangojesha mabinti, ikaiona hasara yake.

Baadaye kila chuo kilipokea maombi yake chenyewe, hata mwaka 2010 Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ilipoanzisha mfumo mmoja wa pamoja. Kijana alipanga machaguo yake humo, na mfumo ukamgawia chuo. Mwaka 2017 utaratibu ukabadilishwa tena, mwombaji akarejeshwa kwenye chuo anachokitaka, na TCU ikabaki na kazi ya kuweka vigezo na kuhakiki. Huo ndio tulionao.

Sasa tuingie ndani ya chumba chenyewe. Mwombaji hujisajili katika mfumo wa chuo kwa namba yake ya mtihani, na matokeo yake hutoka Baraza la Mitihani. Hakuna anayemsomea mtu barua ya kujieleza. Swali la kwanza ni la sifa ya chini. Kwa waliomaliza kidato cha sita kuanzia 2016, kiwango cha chini cha kuingia shahada ya kwanza ni kufaulu masomo mawili yanayohusiana na kozi, kwa jumla ya pointi zisizopungua 4, ambapo A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Zipo kozi zenye masharti makubwa zaidi, kama udaktari wa binadamu unaodai Fizikia, Kemia na Baiolojia zote tatu, na zipo nyingi zinazorudi nyuma hadi kidato cha nne kuuliza juu ya Hisabati au Kiingereza.

Hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Kijana akiona ana pointi 4 husema, "Nimeshapata." Hajapata. Amepewa ruhusa ya kusimama mlangoni. Chuo kina idadi maalumu ya nafasi kwa kila kozi, na wenye sifa wakizidi nafasi hupangwa kwa alama, kutoka juu kushuka chini, hadi nafasi ziishe. Hapo panapokatwa hapajulikani kabla, kwani panategemea nani wengine wameomba mwaka huo. Kozi ambayo mwaka jana ilipokea mwenye pointi 9 yaweza mwaka huu kuishia kwa mwenye 11. Kamati ya udahili hupitia orodha, chuo huiidhinisha, kisha hupelekwa TCU ihakikiwe, ndipo majina yatangazwe.

Basi aliyewahi ananufaika na nini? Ndani ya dirisha moja la maombi, aliyetuma siku ya kwanza na aliyetuma siku ya mwisho wako sawa. Wote hupangwa pamoja dirisha likishafungwa. Kwa hiyo kukesha usiku wa kwanza kugombea mtandao hakuongezi hata nusu pointi. Lakini baina ya dirisha na dirisha tofauti ni kubwa. Miaka ya karibuni dirisha la kwanza limekuwa likifunguliwa katikati ya Julai, matokeo yakishatoka, na kufungwa Agosti. Awamu ya pili ni ya nafasi zilizobaki, na kozi zinazogombaniwa huweza kuwa zimekwisha kujaa. Nafasi chache hurudi pale mtu aliyechaguliwa vyuo viwili au vitatu anapothibitisha kimoja na kuviacha vingine. Mwenye pointi 12 aliyechelewa dirisha la kwanza aweza kukuta kiti alichokistahiki amekalia mwenye pointi 10, na hakuna aliyedhulumiwa.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Marekani wako waombaji wa mapema ambao hupeleka maombi yao kiasi cha mwezi Novemba, na katika baadhi ya vyuo huahidi kwamba wakichaguliwa watakwenda huko huko. Chuo hupenda mwombaji wa namna hiyo kwa sababu kina uhakika naye. Lakini ni nani awezaye kutoa ahadi kabla ya kujua atasaidiwa ada kiasi gani? Mara nyingi ni mtoto wa mwenye nacho, na aliyesoma shule yenye mwalimu wa kumshika mkono. Chuo Kikuu cha Harvard, ambacho hata hakiwafungi waombaji wake kwa ahadi hiyo, kilitangaza mwaka 2006 kuacha kupokea maombi ya mapema kwa kuona kwamba yanawapendelea waliokwisha kupendelewa. Mwaka 2011 kikarejesha. Kwetu hakuna ahadi ya kufungana namna hiyo, lakini ugonjwa wenyewe tunao. Dirisha la kwanza humfaa aliyekamilisha makaratasi yake, na makaratasi hukamilika mapema zaidi katika nyumba yenye mtu aliyewahi kupita njia hiyo.

Tazameni hali yetu. Julai ni mavuno. Kijana wa Namtumbo au Tunduru yuko shambani, au yuko kambini kwa mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria, pengine hapa hapa Mlale, na vyeti vyake viko sandukuni kwa mama yake. Akipata nafasi hukimbilia steshenari mjini. Mwenye steshenari anamjazia fomu kwa haraka, na ili kazi iende anaweka namba yake mwenyewe ya simu na nywila anayoijua yeye. Baada ya wiki kadhaa kijana amechaguliwa vyuo viwili, na namba maalumu ya kuthibitisha inatumwa kwenye simu ya mtu aliyekwisha kumsahau. Muda wa kuthibitisha unapita. Kisha tunaambiwa hapa msikitini, "Mtoto wa fulani kakosa chuo." Habari ya yule bedui, ngamia na kamba mnaijua wote, sina haja ya kuisimulia.

Na kuna suala la majina, ambalo kwetu Waislamu lina uzito wa pekee. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Mohamedi, cha kidato cha nne Mohamed, na kijana mwenyewe, baada ya kukolea darsani, anajaza Muhammad. Hadija amekuwa Khadija, Asha amekuwa Aisha, Swalehe amekuwa Saleh. Mimi ni mwalimu wa Kiarabu na ninapenda kila herufi itoke mahali pake, lakini kompyuta haijui makhaarij. Kwake hao ni watu wawili. Jina la cheti cha kidato cha nne ndilo liandikwe kila mahali, na penye tofauti ifuatiliwe RITA au kwa kiapo cha kisheria miezi mingi kabla ya Julai. Bodi ya Mikopo nayo hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na kwa yatima cheti cha kifo cha mzazi. Yatima wangapi hapa kwetu wana cheti hicho?

Nimetaja mkopo. Wako vijana wema waliojizuia kuuomba kwa sababu ya ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha, wakiiona ni riba. Tozo hiyo Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta siku ya Mei Mosi 2021. Anayekataa mkopo leo kwa hoja ile ile awaulize wanazuoni upya kwa kuwaeleza hali ya sasa.

Narudi kwenye lile la jina kuwekwa kando. Sikusudii kuwaambia watu wazima kwamba wanachokihofia hakijawahi kuwepo popote. Ninachosema ni kwamba katika utaratibu huu orodha hupangwa kwa alama, na dhulma katika hesabu huonyeshwa kwa hesabu. Mwaka 2012 matokeo ya somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu ya kidato cha sita yalitiliwa shaka na Waislamu. Hoja ikapelekwa, matokeo yakapitiwa upya na yakarekebishwa. Atakayeona aliye chini yake kwa pointi, katika kozi ile ile na dirisha lile lile, amechukuliwa naye akaachwa, alete karatasi zake tuziandikie barua. Lakini ambaye hakuomba kabisa, au aliyeomba kozi isiyolingana na masomo yake, tusimpe jina la Uislamu kuwa kisingizio.

Kwa maana milango mingine hufungwa mapema zaidi ya Julai. Anayetaka ngazi ya stashahada kwa cheti cha kidato cha nne hutakiwa awe na ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini. Mzazi anayehesabu somo la dini miongoni mwa manne hayo anahesabu vibaya. Somo la dini tulisome, na kwa bidii, lakini juu ya hayo manne. Kiarabu ni mlango mwingine, kwani hicho ni lugha, na miongozo ya TCU hukitaja pamoja na Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa katika masomo yanayokubaliwa kwa kozi kadhaa za sanaa na ualimu. Nasikitika kuona shule zetu wenyewe zinakiacha.

Kabla ya kujaza jina la chuo, lazima kitazamwe kama kimo katika orodha ya TCU pamoja na kozi inayotakiwa. Watu wa Songea hatuhitaji mfano wa mbali. Mwezi Februari 2016 TCU ilifuta vibali vya vyuo vya Mtakatifu Yosefu vilivyokuwa hapa mjini, na wanafunzi, ambao hawakuwa na kosa lolote, wakahamishiwa vyuo vingine katikati ya masomo. Wapo mliowapangisha vyumba, mnakumbuka namna walivyoondoka.

Na wanaotaka kusoma Kiarabu na sharia nje, wasidhani huko hakuna muda. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina huweka umri wa mwombaji wa shahada ya kwanza usizidi miaka 25, na hutaka cheti cha sekondari ambacho hakijapitwa na muda. Cheti cha sekondari kilichopatikana nje, akitaka kukitumia hapa nchini, hulinganishwa na Baraza la Mitihani, na shahada ya nje hutambuliwa na TCU. Hata yangu, iliyoandikwa kwa Kiarabu mwanzo hadi mwisho, ilipita huko.

Tumekubaliana na kamati ya msikiti kwamba kuanzia Ijumaa ijayo patakuwa na meza upande wa madrasa baada ya swala, yenye kompyuta moja na walimu wawili. Kijana aje na cheti cha kuzaliwa, cheti au matokeo ya kidato cha nne, na simu iliyosajiliwa kwa jina lake au la mzazi wake. Aliye kambini, mzazi alete vyeti vyake tuvilinganishe majina sasa, naye tutamalizana naye atakapopata ruhusa. Walio bado kidato cha nne nao waje, kwa ajili ya tahasusi. Mabinti watapokelewa na ustadha wa darsa la akina mama, na ameniomba niwaambie akina baba kwamba atawafuata majumbani wale ambao hawatafika.

Wabillahi tawfiiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.