Maneno ya Mabadiliko: Tuyapime Kabla ya Kuyapigia Makofi

(Maneno tuliyoyasema mbele ya mkutano wa wanachama, Baraka. Komite imeomba yachapwe ili hata wasiokuwepo wayasome.)



Sisi tunaoongea mbele yenu ni wafanyakazi wa mashinani. Mnatufahamu. Ni sisi tunaopanda pikipiki kutoka Baraka kwenda Fizi, karatasi kwenye mfuko, nembo ya shirika kifuani. Leo hatukuja kuandikisha majina. Tumekuja kuongea juu ya maneno, hasa maneno ya Kiingereza yanayotumika maofisini wakati mambo yanabadilika. Mtasema, maneno yatatusaidia nini na njaa hii? Basi tuanze na kosa letu wenyewe, mtaona.

Miaka michache iliyopita tulikuwa kwenye mradi wa maji, katika kijiji kimoja kando ya barabara ya Fizi. Karatasi ikatoka ofisi kubwa, kwa Kiingereza: mradi unaingia kwenye "phase out". "Phase" tulilijua, ni awamu. Tukasimama chini ya mwembe, tukatangaza: "Mradi wetu unaingia awamu mpya!" Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akapiga vigelegele. Na sisi, tuseme ukweli, tulijua kwamba maana yake ni kufunga pole pole. Lakini makofi yalikuwa matamu, tukayaacha yaendelee.

Miezi ikapita, gari la mradi halikuonekana tena. Robine mbili zikaharibika. Sanduku la komite ya maji halikuwa na franka hata moja, kwani nani atachanga pesa za kutengeneza wakati ameambiwa mradi uko kwenye awamu mpya? Wanawake wakarudi mtoni na mabidoni. Na hapa kwetu Fizi kila mtu anajua maji ya mto yanaweza kuleta nini. Kipindupindu hakingoji mtu atafsiri.

Tuliporudi kuwaona, mzee mmoja alituambia neno ambalo hatujalisahau: "Wanangu, kuondoka si dhambi. Mgeni huondoka. Lakini mngetuambia mnaondoka, tungechanga."

Tangu siku ile tumekuwa tukiyaangalia maneno haya vizuri. Waingereza ni watu wa kisiwa, na misemo yao kadhaa ya kazini imetoka chomboni. Mkubwa akitaka kubadilisha utaratibu wa kazi, anaandika "get on board", yaani pandeni chomboni, kubalini mabadiliko. Anayeuliza sana anaambiwa "don't rock the boat", usitikise mtumbwi. Mambo yakiwa magumu, mkubwa anasema "we are all in the same boat", sote tumo mtumbwi mmoja. Sawa. Na sisi tunakaa kando ya Tanganyika. Tuipime misemo hii kama watu wa ziwa.

Pandeni chomboni. Wengi wenu mlipanda meli Kigoma, tangu safari za kurudi zilipoanza mwaka 2005, mkashuka hapa Baraka. Kabla ya kupanda mlijua meli inakwenda wapi. Jina lako lilikuwa kwenye orodha. Ulitia sahihi au kidole kwamba unarudi kwa hiari. Uliambiwa mizigo gani inakubaliwa. Kwa hiyo leo mtu akija na mabadiliko, akakuambia "panda", una haki ya kuuliza yale yale: chombo kinakwenda wapi, nani yumo kwenye orodha, na mimi nikibaki ng'ambo itakuwaje?

Usitikise mtumbwi. Ni kweli, upepo ukivuma ziwani, mtu asisimame ovyo. Lakini anayesema "maji yanaingia" hatikisi mtumbwi. Huyo mpeni kopo aanze kutoa maji, na wengine wamsaidie. Tumeona mikutano ambako mama akiuliza hesabu anaambiwa analeta vurugu. Mara nyingi yeye ndiye aliyeliona tundu.

Sote tumo mtumbwi mmoja. Hapa nasi tujichunguze. Mradi ukifungwa, mfadhili ana miradi mingine. Sisi wafanyakazi tunapeleka barua za kuomba kazi Uvira, Bukavu, Kalemie. Mwanakijiji anabaki na robine iliyovunjika. Chombo ni kimoja, lakini wengine wamevaa majaketi ya kuokolea. Ni vizuri kusema hivyo waziwazi kuliko kujifanya tuko sawa.

Kuna na neno la kumtoa mtu kazini. Kiingereza husema "let go", kumwachilia. Mlinzi mmoja tuliyefanya kazi naye alisomewa barua yake kwa tafsiri ya haraka: "Ofisi imeamua kukuachilia." Akauliza, "Kwani nilikuwa nimefungwa?" Tulicheka. Kisha tukanyamaza, maana nyumbani alikuwa na watoto sita na mwezi ulikuwa katikati. Kiswahili kina neno la wazi: umepunguzwa kazini. Linauma, lakini mtu akilisikia anajua aende kwa nani kudai malipo yake ya mwisho.

Wenye umri hawafundishwi haya. Waliokaa Lugufu wanakumbuka habari ya "kuunganisha kambi". Kuunganisha ni neno zuri, hata nguo huunganishwa. Mwaka 2009 maana yake ikaonekana: Lugufu ilifungwa, na waliobaki wakapelekwa Nyarugusu.

Na juzi juzi tu, sote tuliona. Tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba misaada ya nje "inasimamishwa" kwa siku 90 ili iangaliwe upya. Kusimama ni neno la dereva: gari linasimama, abiria wananyoosha miguu, safari inaendelea. Wengi walingoja hivyo. Kabla siku 90 hazijaisha, mwezi wa Machi, Washington ikatangaza kwamba asilimia 83 ya programu za USAID zimefutwa. Tarehe 1 Julai shirika lenyewe likaacha kuendesha misaada. Aliyesikia "kusimama" alikaa kando ya barabara na mzigo wake. Aliyejiuliza "na wasiporudi?" alianza mapema kutafuta njia nyingine. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini neno laini linaweza kumfanya mtu asitazame juu.

Hatusemi kwamba kila anayetumia maneno haya anataka kudanganya. Mara nyingi neno linachoka njiani. Linaandikwa kwa Kiingereza ng'ambo, linageuzwa Kifaransa Bukavu, linakuwa Kiswahili hapa Baraka, na kijijini linasemwa kwa Kibembe au Kifuliru. Kila likivuka, kila mtu analilainisha kidogo, maana hakuna anayependa kuwa mjumbe wa habari mbaya. Likifika kwa mama mwenye bidoni, halina uzito tena. Na sisi tuliosoma ndio tunaolipitisha. Kwa hiyo deni ni letu kwanza.

Tunaomba nini basi?

Kwanza, wanachama. Mkisikia kwamba mradi "unabadilika", "unaboreshwa", "unakabidhiwa kwa jamii" au "unaingia awamu nyingine", msipige makofi haraka. Ulizeni mambo manne. Nini kitakoma? Tarehe gani? Nani atabaki na ufunguo, vifaa na hesabu? Kikiharibika kitu, pesa zitatoka wapi? Mjumbe asiyeweza kujibu hayo manne, mwambieni kwa heshima arudi ofisini akaulize.

Pili, marafiki wafadhili. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hatuogopi jembe. Lakini tuambieni siku ya kwanza kwamba siku ya tatu ipo, na itakuwa lini. Tarehe ya kufunga iandikwe kwenye karatasi ile ile ya kufungua, isomwe kijijini kwa lugha ya watu. Mkituambia "pesa zinaisha Juni", tutahuzunika siku moja, kisha tutapanga. Mkituambia "tunaelekea kwenye uendelevu", tutafurahi siku moja, kisha tutaumia mwaka mzima.

Tatu, shirika letu wenyewe. Hapa tuwe wakali, maana ugonjwa huu unaambukiza. Mfuko wetu wa misiba na magonjwa ulianza kama likelemba, au upatu kama wengi wetu tulivyouita kule Nyarugusu. Kila mtu alijua anatoa ngapi na anapata lini. Sasa tumekuwa wengi, na komite inafikiria kubadilisha mchango. Tumesikia tayari neno "kuboresha mfuko". Kama maana yake ni kuongeza mchango, tuseme ni kuongeza, na kiasi gani. Kama ni kupunguza msaada wa mazishi, tuseme ni kupunguza, na kwa nini. Mjane hawezi kuja siku ya msiba kufundishwa maana ya kuboresha.

Tumalizie na kile kijiji cha maji. Tulirudi chini ya mwembe ule ule, safari hii tukasema bila kuzunguka: "Mradi umekwisha. Hatuna pesa nyingine. Tulikosa kuwaambia." Hakuna aliyepiga makofi. Watu walinyamaza muda mrefu. Kisha mama yule yule wa vigelegele akauliza, "Robine moja ni bei gani?" Tukamtajia. Akaanza kuhesabu nyumba kwa vidole, kaya kwa kaya, na jirani yake akafuata kuandika majina. Kabla jua halijazama walikuwa wamekubaliana kila nyumba itoe ngapi, na sanduku litakaa kwa nani.

Hesabu ile ingeweza kufanyika mapema, kabla ya wanawake kurudi mtoni. Kilichokosekana ni neno moja la wazi, nalo lilikuwa kwenye mfuko wetu.