Kipande na Mkataba: Urithi wa Waliowatetea Vibarua wa Mashamba

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama)



Tumepewa heshima ya kusema machache juu ya urithi tulioachiwa na wale waliotetea haki za vibarua wa mashamba katika nchi hii. Wazee watuwie radhi tukiyataja mambo waliyoyapokea vinywani mwa baba zao, ambayo sisi tumeyapata vitabuni. Twayataja kwa sababu wanachama wetu wengi hula jasho lao katika chai, kahawa na maua. Na hutufikia mara kwa mara mtu aliyeachishwa kazi baada ya misimu mingi, naye hana hata karatasi moja ya kuonyesha kwamba aliwahi kuifanya kazi hiyo.

Zamani mambo yalikuwa kinyume: kibarua alikuwa na karatasi, ila haikuwa yake. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilitungwa mwaka wa 1915, ikaanza kutumika kwa nguvu baada ya Vita Kuu ya kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alichukuliwa alama za vidole, akapewa kipande, nacho kikatiwa ndani ya kijaluba cha bati cha kuning'inizwa shingoni. Humo bwana shamba aliandika siku ya kuajiri, mshahara, na siku ya kuondoka. Mtu akiliacha shamba kabla ya bwana kutia sahihi alihesabiwa kuwa mtoro, akatafutwa na kushtakiwa. Tena bwana wa pili, akiusoma mshahara wa kwanza, hakuona sababu ya kuuzidisha. Hivyo maandishi yakawa kamba, na kibarua ndiye aliyeibeba.

Pamoja na kipande ilikuwako kodi, iliyofika shilingi 16 mwaka wa 1921. Mwaka uo huo bei za mazao zilikuwa zimeanguka, na masetla wakapatana kupunguza mishahara ya vibarua kwa thuluthi moja. Tena tangu 1919 gavana alikuwa amewaagiza maofisa na machifu wawahimize watu waende mashambani, na penye mashamba ya karibu hata wanawake na watoto. Wazee wajua kuhimiza kwa mkubwa mwenye askari kuna maana gani. Wasichana walichukuliwa makwao wakachume kahawa, na baadhi yao walirudi wamevunjiwa heshima.

Hapo ndipo alipoinuka Harry Thuku. Hakuwa chifu wala tajiri. Alisoma katika misheni ya Kambui, akafanya kazi ya kupanga herufi katika kiwanda cha gazeti, kisha akawa karani wa simu katika ofisi ya Hazina mjini Nairobi. Mwaka wa 1921 yeye na wenzake walianzisha chama kilichoitwa East African Association, wakakusudia kisiwe cha kabila moja. Silaha yao ilikuwa kalamu. Mwezi wa Julai walipeleka telegramu moja kwa moja London, wakataja kipande, kodi, mishahara, na kazi ya kulazimishwa. Manilal Desai, Mhindi mwenye gazeti, aliwasaidia kwa chumba cha ofisi na kwa uchapaji. Thuku alipoambiwa achague kazi ya serikali au siasa, aliiacha kazi.

Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Tarehe 16 umati mkubwa ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi Nairobi, ukitaka afunguliwe. Wajumbe waliokwenda kuonana na wakubwa waliporudi na kuwasihi watu watawanyike, mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, aliwakemea wanaume: wampe yeye suruali zao, nao wavae nguo yake. Umati ukasonga mbele, na askari wakapiga risasi. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 21 waliouawa, wanawake 4 miongoni mwao. Wengine walisema waliokufa walizidi sana idadi hiyo. Nyanjiru alikuwa mmoja wa waliokufa. Twaomba jina lake litajwe daima pamoja na la Thuku, maana dhuluma ya mashambani iliwapata mama zetu na dada zetu kabla ya kusemwa mikutanoni na wanaume.

Thuku alihamishwa Kismayu, akakaa mbali na kwao hata mwisho wa 1930. Baadaye alishika njia ya upole katika siasa, akalima kahawa yake, akafariki mwaka wa 1970. Lakini neno lenyewe halikumngoja. Mwaka wa 1922 kodi ilipunguzwa kutoka shilingi 16 hadi 12. Huko Nyanza, vijana waliosoma shule za misheni walikuwa wameunda chama chao mwisho wa 1921, wakapinga mambo yayo hayo. Mwaka wa 1923 Archdeacon Owen wa misheni ya CMS alikigeuza kiwe chama cha maslahi ya walipa kodi, yaani welfare kama hii yetu. Wanachama waliahidi kuchimba vyoo, kuua panya na kupanda miti. Wako waliosema kwamba siasa imezimwa kwa vyoo. Hata hivyo chama kile kiliendelea kuandika malalamiko juu ya kodi na kazi, na kazi ya kuandika malalamiko haikuwa ndogo.

Kipande chenyewe kilidumu. Ilikuwa hata sheria ya 1947 ndipo uandikishaji ulipowekwa kwa watu wa kila rangi. Kisha vikaja vyama vya wafanyakazi wa chai, wa kahawa na wa mkonge, na mwaka wa 1963 vikaungana kuwa Kenya Plantation and Agricultural Workers Union, chama ambacho hata leo huketi mezani na waajiri kupatana mishahara. Katiba ya 2010 imekataza kazi ya kulazimishwa, na kifungu chake cha 41 kinampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki, ya kujiunga na chama, na ya kugoma.

Basi, ndugu wanachama, urithi wetu ni nini? Twaona ni huu: maandishi yaliyokuwa mkononi mwa bwana yamehamia mkononi mwa kibarua, kama atayadai. Sheria ya Ajira ya 2007 yasema kwamba kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba ulioandikwa, na mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kuuandika. Shauri likifika mahakamani naye akashindwa kuutoa, ni juu yake kuthibitisha masharti yanayobishaniwa. Kibarua wa kutwa aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi mmoja hawezi tena kuhesabiwa kuwa wa kutwa. Aondokapo hupewa cheti cha kazi, na mwajiri halazimishwi kuandika humo neno lolote juu ya tabia yake. Mama anayejifungua ana likizo ya miezi mitatu yenye mshahara. Wazee walinganishe cheti hicho na kile kijaluba cha bati.

Lakini sheria haitembei kwa miguu yake. Wako waajiri wanaowaandika watu kwa majuma, wakawaondoa na kuwarudisha, ili mwezi usitimie. Katika mashamba ya chai mashine za kuchumia zimechukua mahali pa mikono mingi, na aliye wa kwanza kuondolewa ni yule asiye na karatasi. Naye akikaa nyumbani akinung'unika, miaka mitatu ikipita hana tena njia ya kushtaki.

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Haki nayo ni mali. Kwa hiyo twaomba Mkutano huu uikubali shauri moja: chama kifungue daftari la wanachama wafanyao kazi mashambani, liandikwe jina la mtu, shamba, siku aliyoanza na mshahara wake, na nakala za mikataba na hati za malipo zitunzwe katika kabati la chama. Asiyejua kusoma asomewe mkataba kabla ya kutia kidole. Gharama yake ni wino, karatasi, na jioni moja kwa juma ya makarani wetu, nasi tu tayari kuitoa.

Waliotutangulia walifukuzwa kazi, wakahamishwa na kuuawa kwa ajili ya mambo tunayoyakuta leo yamekwisha kuandikwa katika sheria. Tusipoyasoma na kuyadai, tutakuwa tumeupokea urithi tukauacha mlangoni.