Usiuchemshe Mdomo wa Saksafoni



Majuzi mpiga saksafoni mmoja wa bendi alinijia amefura. Aliuchemsha mdomo wa chombo chake, kile kipande cheusi cha kupulizia, ili autoe ukoga wa mate. Ukatoka na rangi ya kijani kibichi kilichochujuka, unanuka kiberiti, na sauti ikagoma. "Kaka, yule muuzaji kaniuzia bandia. Naenda kumshika shati!"

Nikamzuia. Harufu ile ndiyo ushahidi kwamba ni halisi.

Wengi hudhani kipande kile ni mpingo. Mpingo wetu wa Kilwa na Lindi huenda ng'ambo kutengenezewa kiwiliwili cha klarineti, na hiyo ni sifa. Mdomo ni habari nyingine. Zamani nao ulikuwa wa mti, lakini mti ukinyonya unyevu wa pumzi hujipinda. Katika karne ya 19 ikagunduliwa kwamba mpira asilia ukipikwa na salfa nyingi, hata theluthi ya uzito wake, hugeuka mgumu kama pembe. Ndiyo ebonaiti. Tairi la gari nalo lina salfa, ila kidogo.

Ebonaiti hiyo hukerezwa na kutobolewa. Hapo bado si kitu. Kazi yenyewe ni ule uso unaolaliwa na kijiti cha tete, kile kinachotetema ukipuliza. Karibu na ncha uso huteremka taratibu, ukaacha mwanya wa kama milimita 1 kwa klarineti. Kwa saksafoni huzidi. Fundi huweka msasa juu ya kioo, akausugua uso mara mbili tatu, akapima kwa vibati vyembamba, akapuliza, akarudi msasani. Upande mmoja ukizidi mwenzake kwa sehemu chache tu za mia za milimita, chombo chaweza kulia kama bata. Siku hizi mashine za kompyuta hukata nyingi, lakini wapo bado wanaomalizia kwa mkono, na wapigaji huwatafuta.

Sasa mchukue huyo umtie katika sufuria! Joto hulainisha ebonaiti, ule mteremko ukapotea. Maji ya moto na jua huitoa salfa juu. Maji ya uvuguvugu na kitambaa laini vyatosha, kisha rudisha ndani ya kasha.

Muuzaji amesalimika. Rafiki yangu anatafuta mdomo wa kuazima, Jumamosi ana harusi.